Vietnam: Gharama ya Kuogopa Aibu

Tarehe 24 Machi 1965, wiki mbili tu baada ya vikosi vya kwanza vya mapigano vya Marekani kushuka ufukoni Da Nang, ofisa wa ngazi ya juu wa Wizara ya Ulinzi mjini Washington, John McNaughton, aliandika waraka wa siri kwa ajili ya waziri wake, Robert McNamara. Humo alizigawa kwa asilimia sababu za nchi yake kupigana Vietnam. Asilimia 70 ilikuwa kukwepa kushindwa kwa aibu. Asilimia 20 ilikuwa kuizuia China isilitie mkononi eneo la Vietnam Kusini na majirani zake. Asilimia 10 iliyobaki ndiyo ilikuwa ya kuwawezesha watu wa Vietnam Kusini kuishi maisha bora na yenye uhuru zaidi.

Kijana wa miaka 19 aliyechukuliwa Alabama au Ohio akapandishwa ndege hakuonyeshwa hesabu hiyo. Yeye aliambiwa anakwenda kutetea uhuru wa watu dhidi ya ukomunisti. Mkulima wa mpunga ambaye nyumba yake ilichomwa moto ili akombolewe hakuonyeshwa pia. Naitanguliza kwa sababu inaeleza jambo ambalo ramani na orodha za mapigano haziwezi kulieleza: kwa nini wakubwa waliokuwa na mashaka tangu mwanzo kama vita hivi vitashindika waliendelea kuvipigana kwa miaka minane zaidi.

Chanzo cha yote ni ukoloni, na hapo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu. Ufaransa iliishambulia Da Nang mwaka 1858, na kufikia miaka ya 1880 ilikuwa imeishika nchi nzima. Ilileta kodi ya kichwa, kazi za shuruti na mashamba makubwa ya mpira ambako vibarua walikufa kwa malaria na mapigo. Ilihodhi biashara ya chumvi, pombe na kasumba. Miongoni mwa waliokua wakiyaona hayo alikuwa mtoto wa msomi mmoja wa jimbo la Nghe An. Mwaka 1911 aliondoka nchini akiwa msaidizi wa jikoni melini, akazunguka dunia, na mwaka 1919 akaibuka Paris. Wakati huo mataifa yaliyoshinda Vita Kuu ya Kwanza yalikuwa yamekutana Versailles, na Rais Woodrow Wilson wa Marekani alikuwa akihubiri haki ya mataifa kujiamulia mambo yao. Kijana yule alipeleka ombi. Hakudai hata uhuru kamili. Aliomba uhuru wa magazeti, ruhusa ya watu kukutana, na sheria moja kwa Mvietnam na Mfaransa. Hakujibiwa. Mwaka uliofuata, mjini Tours, alikuwa mmoja wa walioanzisha Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa, maana Lenin alikuwa ameyazungumzia makoloni na waungwana wa Versailles hawakuyagusa. Baadaye dunia ikamjua kwa jina la Ho Chi Minh.

Alikuwa mkomunisti wa kweli, na wanaodai kwamba ulikuwa ujanja tu wa kutafuta msaada wanamdogosha. Lakini alikuwa mzalendo kabla ya hapo, na wananchi wake walimfuata kwa uzalendo huo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Japani ilipoikalia Vietnam huku Wafaransa wakiendelea kutawala chini yake, chama chake cha Viet Minh kiliendesha mapambano msituni. Njaa ya mwaka 1944 na 1945 ilipoifagia kaskazini, ikaua mamia ya maelfu ya watu, na wapo wanaohesabu hadi milioni 2, Viet Minh ndio waliovunja maghala ya mpunga na kugawa chakula. Kitendo hicho kiliwapa wafuasi wengi kuliko kitabu chochote cha Karl Marx. Katika miezi ya mwisho ya vita, makachero wa Marekani walishuka kwa miavuli kuwasaidia kwa silaha na mafunzo, na mganga wa kikosi hicho akamtibu Ho Chi Minh aliyekuwa hoi kwa homa. Tarehe 2 Septemba 1945, katika uwanja wa Ba Dinh mjini Hanoi, alipotangaza uhuru wa nchi yake mbele ya umati mkubwa, alifungua hotuba yake kwa maneno ya Azimio la Uhuru la Marekani. Kisha akamwandikia Rais Harry Truman barua kadhaa kuomba amtambue. Nazo hazikujibiwa.

Kwa nini? Marekani ilikuwa inaitazama Ulaya. Iliihitaji Ufaransa iwe imara mbele ya Muungano wa Kisovieti, na Ufaransa ilitaka kurudishiwa koloni lake. Halafu mwaka 1949 Mao Zedong akaitwaa China, mwaka 1950 vita vikazuka Korea, na Washington pakaingia swali lililoharibu maisha ya watu wengi: nani ameipoteza China? Wataalamu wa Asia katika Wizara ya Mambo ya Nje walifukuzwa kwa kudhaniwa wasaliti, na chama cha Democratic kikabandikwa jina la chama cha waoga. Kuanzia hapo hakukuwa na rais aliyethubutu kuruhusu nchi nyingine ya Asia iende kwa makomunisti wakati wa zamu yake. Waliojua kwamba Wavietnam na Wachina wamegombana kwa karne nyingi, na kwamba bendera nyekundu isingeufuta ugomvi huo, hawakuwapo tena ofisini kuyasema hayo.

Marekani ikaanza kulipia vita vya Ufaransa, na kufikia mwaka 1954 ilikuwa inabeba karibu asilimia 80 ya gharama. Pesa hizo hazikusaidia. Katika bonde la Dien Bien Phu, karibu na mpaka wa Laos, Wafaransa walijenga ngome wakiamini hakuna awezaye kufikisha mizinga juu ya milima inayolizunguka. Jenerali Vo Nguyen Giap, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa ualimu wa historia, aliifikisha. Ilivutwa kwa kamba na mikono ya watu, usiku, hatua kwa hatua. Makumi ya maelfu ya wachukuzi, wake kwa waume, walisukuma baiskeli zilizofungwa mianzi, kila moja ikibeba zaidi ya kilo 200 za mchele na risasi. Kamanda wa mizinga wa Kifaransa, alipoona amezidiwa, alijiua kwa guruneti. Mnamo 7 Mei 1954, baada ya siku 56 za mapigano, ngome ikaanguka. Jeshi la koloni lilikuwa limelishinda jeshi la dola ya Ulaya katika vita vya uso kwa uso, na habari hizo zilisomwa kwa makini Algeria, ambako watu walianza mapambano yao Novemba mwaka huohuo.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Rais Dwight Eisenhower alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba nchi za eneo lile zimekaa kama kete za dhumna zilizosimamishwa mstari, ukiangusha ya kwanza ya mwisho nayo haina pa kushika. Mfano huo ulikuwa rahisi kuukumbuka, na urahisi huo ndio uliokuwa hatari yake, kwa sababu kete ya dhumna haina historia, haina lugha wala ugomvi na mwenzake.

Mkutano wa Geneva wa Julai 1954 uliigawa Vietnam kwa muda katika mstari wa latitudo wa 17, kwa ahadi ya uchaguzi wa nchi nzima mwaka 1956. Uchaguzi haukufanyika. Ngo Dinh Diem, aliyeongoza kusini kwa msaada wa Marekani, alikataa, na Washington ikamuunga mkono. Eisenhower mwenyewe aliandika baadaye kwamba mwaka 1954 Ho Chi Minh huenda angepata asilimia 80 ya kura. Lazima isemwe pia kwamba huko kaskazini wakati huo makomunisti walikuwa wakigawa ardhi kwa mahakama za vijijini zilizoua maelfu ya watu, wengine wakiwa na vieka viwili vitatu tu, hadi chama chenyewe kikakiri makosa. Karibu watu milioni 1, wengi wao Wakatoliki, walihamia kusini kwa hofu. Hofu yao haikutungwa na Wamarekani, na Wavietnam waliokataa ukomunisti kwa dhati walikuwapo. Msiba wao ni kwamba serikali walizopewa kuwatetea zilikuwa za jamaa na majenerali.

Diem, Mkatoliki katika nchi ya Wabuddha, alijaza serikali ndugu zake na kuwafunga wapinzani wa kila aina. Mwezi Desemba 1960 wapinzani hao, wakiongozwa na makomunisti, waliunda Umoja wa Ukombozi wa Taifa wa Vietnam Kusini. Tarehe 11 Juni 1963 mtawa mzee wa Kibuddha, Thich Quang Duc, alikaa katikati ya njia panda mjini Saigon akajichoma moto bila kutikisika, na picha yake ikazunguka dunia. Novemba majenerali wakampindua Diem na kumuua, Marekani ikijua na kukubali mapinduzi. Wiki tatu baadaye John Kennedy naye akauawa, na Lyndon Johnson akarithi washauri wa kijeshi 16,000 waliokuwa tayari wako Vietnam.

Mazungumzo ya simu ya Johnson yalirekodiwa, na leo yeyote anaweza kuyasikiliza. Mei 1964 anasikika akimwambia seneta rafiki yake, Richard Russell, kwamba haoni sababu ya kuwapeleka vijana wakafe kule, na papo hapo anaeleza kwamba akijitoa Bunge litamng'oa. Nimeyasikiliza, na yananiuma kila mara, kwa sababu sauti ile si ya mtu mjinga wala katili. Ni sauti ya mtu anayejua jibu sahihi na kuliogopa.

Sababu ya kuingia ikapatikana Agosti. Tarehe 2 boti za Vietnam Kaskazini ziliishambulia manowari ya Marekani katika Ghuba ya Tonkin. Tarehe 4 kukatangazwa shambulio la pili, ambalo nyaraka zilizotolewa baadaye zimethibitisha kwamba halikutokea. Siku tatu baadaye Baraza la Wawakilishi lilimpa rais ruhusa ya kutumia nguvu kwa kura 416 bila ya kupinga hata moja, na Seneti kwa kura 88 kwa 2. Siku hizohizo, Congo, wapiganaji wa Simba waliozungumza Kiswahili waliuteka mji wa Stanleyville, ambao leo ni Kisangani, na mezani kwa Johnson taarifa za Congo na za Vietnam zililala pamoja. Huko nako uasi uliotokana na mauaji ya Waziri Mkuu Patrice Lumumba na uozo wa serikali ulisomwa Washington kama mkono wa ukomunisti. Ndege za Marekani na mamluki walitumika kuuzima, na Wakongo wakaachiwa Mobutu.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Johnson aliyavulia. Mwisho wa mwaka 1965 wanajeshi wake Vietnam walikuwa 184,000. Aprili 1969 walifika 543,000. Lakini vita havikuwa na mstari wa mbele wa kusogezwa. Makamanda walihitaji kipimo cha kuonyesha wanashinda, wakachagua idadi ya maiti. Ofisa aliyeripoti maiti nyingi alipandishwa cheo, na maiti ya mkulima haikuwa na sare ya kuitofautisha. Maeneo mazima yalitangazwa kuwa ya kupigwa bila kuuliza. Ndege zilimwaga takriban lita milioni 75 za dawa za kuua mimea ili kunyima msitu majani na adui chakula, na nyingi zilikuwa na sumu ya dioksini. Vietnam, Laos na Kambodia ziliangushiwa zaidi ya tani milioni 7 za mabomu, zaidi ya mara mbili ya zote ambazo Marekani iliangusha katika Vita Kuu ya Pili. Tarehe 16 Machi 1968 kampuni moja ya askari iliingia kijiji cha My Lai, haikukuta hata mpiganaji mmoja, ikaua wanawake, wazee na watoto. Wavietnam wanahesabu majina 504. Rubani wa helikopta, Hugh Thompson, aliteremka kati ya askari wenzake na wanakijiji, akawaamuru watu wake wawapige risasi Wamarekani iwapo wataendelea kuua. Jina lake nadhani lifundishwe katika kila chuo cha kijeshi. Ofisa mmoja tu ndiye aliyetiwa hatiani, akatumikia miaka michache, tena sehemu kubwa katika kifungo cha nyumbani.

Wakati huo Marekani yenyewe ilikuwa imepasuka. Kuandikishwa jeshini kulikuwa kwa lazima, ila mwenye nafasi ya chuo kikuu aliahirishiwa, na aliyekuwa na daktari wa familia alipata cheti. Waliobaki walikuwa watoto wa mafundi, wakulima na maskini. Katika miaka ya kwanza Wamarekani weusi, wakiwa kama asilimia 11 ya wananchi, walifikia zaidi ya asilimia 20 ya waliouawa vitani. Martin Luther King alilisema hilo waziwazi katika kanisa la Riverside, New York, tarehe 4 Aprili 1967, akavunja urafiki na Johnson na kulaumiwa na magazeti makubwa pamoja na baadhi ya viongozi wenzake. Wiki chache baadaye bondia Muhammad Ali aliitwa jina lake katika kituo cha kuandikisha askari Houston na hakusogea mbele. Alivuliwa ubingwa, akakosa ulingo kwa zaidi ya miaka mitatu, na Mahakama Kuu ya nchi ikamsafisha mwaka 1971.

Wanaosimulia kana kwamba wananchi wote waligeuka kuwapinga wakubwa wanasahau upande wa pili. Tarehe 4 Mei 1970, baada ya Richard Nixon kutangaza kuingiza majeshi Kambodia, askari wa akiba waliwaua wanafunzi wanne kwa risasi katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio. Katika kura ya maoni iliyofuata, asilimia 58 ya waliohojiwa waliwalaumu wanafunzi. Siku nne baada ya mauaji, mamia ya wajenzi wenye kofia ngumu waliwapiga waandamanaji mitaani New York. Baadhi ya wajenzi hao walikuwa na ndugu au watoto vitani, na kuona kijana aliyekwepa kwa njia ya chuo akichoma bendera kuliwatonesha kidonda. Waliogawanyika zaidi walikuwa wale wasiokuwa na mamlaka yoyote ya kuvianzisha vita wala kuvimaliza.

Mgawanyiko huo uliingia hadi barazani mwa mataifa mengine. Uingereza ilikataa kupeleka majeshi lakini ikaitetea Marekani kwa maneno. Mwaka 1965 Waziri Mkuu Harold Wilson alipotaka ujumbe wa Jumuiya ya Madola ukasuluhishe, Julius Nyerere aliupinga, akiona Uingereza imekwisha kuchagua upande. Hanoi na Beijing zikakataa kuupokea. Kwame Nkrumah alijaribu kwa njia yake, akaondoka Accra kwenda Hanoi kutafuta amani, na tarehe 24 Februari 1966, akiwa njiani Beijing, jeshi likampindua. Che Guevara, aliyekuwa ametoka kushindwa katika misitu ya mashariki mwa Congo na kujificha Dar es Salaam akiandika kumbukumbu zake, alikuja kuutaka ulimwengu uzae Vietnam nyingine nyingi. Mwito huo sijawahi kuupenda. Aliyeiona Vietnam moja kwa macho asingeiombea nchi nyingine.

Kilichovunja imani ya Wamarekani ni mwaka mpya wa Kivietnam, Tet, mwishoni mwa Januari 1968. Makomunisti walishambulia zaidi ya miji 100 kwa mara moja, wakaingia hata ua wa ubalozi wa Marekani Saigon. Kijeshi walipigwa vibaya, na katika mji wa Hue waliouteka kwa wiki kadhaa waliwaua maelfu ya watu waliowaorodhesha kuwa maadui. Lakini wananchi walikuwa wameambiwa adui amekaribia kwisha. Tarehe 31 Machi Johnson alitangaza kwamba hatagombea tena. Nixon akaja na ahadi ya amani yenye heshima, na heshima hiyo ikachukua miaka minne zaidi na maisha ya Wamarekani wengine zaidi ya 20,000. Mwaka 1971 Daniel Ellsberg alizitoa kwa magazeti kurasa 7,000 za historia ya siri ya vita, na watu wakasoma kwamba marais wanne mfululizo waliwaambia jambo moja na kujua lingine. Mkataba wa Paris ukatiwa sahihi 27 Januari 1973, na tarehe 30 Aprili 1975 vifaru vya kaskazini vikabomoa lango la ikulu ya Saigon.

Wamarekani zaidi ya 58,000 walikuwa wamekufa. Serikali ya Vietnam inahesabu raia wake hadi milioni 2 na wapiganaji wa upande wake milioni 1.1, wanajeshi wa kusini waliokufa ni zaidi ya 200,000, na makaburi yao hayakutunzwa kama ya mashujaa. Washindi waliwafungia mamia ya maelfu ya maofisa na watumishi wa serikali ya zamani katika kambi za kuelimishwa upya, wengine kwa zaidi ya miaka kumi. Karibu watu 800,000 walifika nchi nyingine kwa mashua, na wasiofika hawana idadi kamili.

Je, kete zilianguka? Laos na Kambodia ziliangukia kwa makomunisti, ndiyo, baada ya kupondwa na vita vilivyodaiwa kuziokoa. Thailand, Malaysia na Indonesia hazikwenda kokote. Kambodia ikapata utawala wa Pol Pot uliomaliza watu kati ya milioni 1.5 na milioni 2, na aliyeukomesha hakuwa Marekani. Ilikuwa Vietnam, Januari 1979, miezi ileile ambayo majeshi ya Tanzania yalikuwa yanamfukuza Idi Amin. Mwezi mmoja baadaye China ya kikomunisti ikaivamia Vietnam ya kikomunisti kuiadhibu. Ule ukuta mmoja mwekundu uliowatisha wakubwa wa Washington kwa miaka 30 haukuwahi kuwapo, na mwaka 1995 McNamara mwenyewe aliandika kwamba yeye na wenzake walikosea vibaya.

Marekani iliacha kuandikisha vijana kwa lazima mwaka 1973, na Bunge likapitisha sheria ya kumbana rais asianzishe vita peke yake, sheria ambayo marais wamejifunza kuipita pembeni. Vietnam ililegeza uchumi wa kupangwa mwaka 1986 na kurudisha ubalozi na Marekani mwaka 1995. Leo inabangua korosho zinazotoka Mtwara na Lindi, na kampuni ya simu inayomilikiwa na wizara yake ya ulinzi imesimamisha minara vijijini Tanzania na Burundi. Chama cha Kikomunisti bado kinatawala peke yake na hakiruhusu upinzani. Walioogopa kwamba ushindi wake ungefunga midomo ya watu hawakukosea.

Katika jimbo la Quang Tri, palipokuwa na mpaka wa kaskazini na kusini, vikosi vya kutegua mabomu hutoka kila siku ya kazi, vikiwa na wanawake wengi waliozaliwa baada ya vita. Tangu 1975 mabomu yaliyosalia ardhini yameua makumi ya maelfu ya Wavietnam, na Laos maelfu kadhaa wengine. Udongo wa uwanja wa ndege wa Da Nang, ulikohifadhiwa dawa zenye dioksini, ulisafishwa kwa pamoja na nchi zote mbili, kazi ikakamilika mwaka 2018. Mwaka uliofuata walianza Bien Hoa, karibu na Saigon ya zamani, ambako udongo wenye sumu ni mwingi zaidi kuliko ule wa Da Nang na kazi imepangiwa miaka mingi.